Jani Lililojileta Lenyewe

Mbegu ya mchicha ukiimwaga kiganjani utaidharau. Ni nyeusi, ndogo kama punje ya mchanga, na ukipiga chafya ndiyo basi tena. Mama Chumvi alihifadhi zake katika kichupa kitupu cha dawa, na kila alipokifungua alinyamaza kidogo, kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto mchanga. Alijua kwamba ndani ya kichupa kile mlikuwa na sufuria na sufuria za mboga, ila zilikuwa bado hazijaamka.

Dawa iliyokuwamo zamani ilikuwa ya bintiye. Mtoto huyo alikuwa na damu ndogo. Akipanda ngazi za nyumba anakaa katikati, akiulizwa ana nini anasema miguu imelala. Ulimi ulipauka, viganja vikawa kama vya mtu aliyeshinda akifua. Daktari alimwandikia dawa, kisha akamgeukia mama. Akamwambia dawa ina mwisho wake, lakini sahani haina mwisho. Ampe maharage, ampe mayai akipata, na mboga za majani zisikose, tena amkamulie limau juu yake. Kama ana pa kupanda, apande.

Basi akapanda. Mumewe alikuwa fundi seremala, akamgongea visanduku virefu kwa mabaki ya mbao za karakana, akavipanga kwenye kibaraza cha nyuma, kati ya karo la kufulia na kiti cha wifi yake. Wifi huyo, dada wa mume, alikuwa msusi. Wateja wake alikuwa akiwasukia papo hapo kibarazani, kwa sababu ya mwanga.

"Wenzio wanapanda maua, wifi," alisema siku ile ya kwanza, kichana kikiwa mdomoni. "Wewe unapanda majani."

"Maua utayaunga na nini?"

"Nitayachomeka kichwani. Mboga yako je, nitaichomeka wapi?"

"Utaimeza. Na utaomba nyongeza."

Asubuhi moja Mama Chumvi alitoka kufua akakuta udongo umepasuka nyufa nyembamba, na katika kila ufa vijani viwili vimesimama, vyekundu kwa chini, vimebeba ganda la mbegu kichwani kama kofia. Aliacha ndoo ikajaa ikafurika. Nani aliwaamsha? Aliyewaambia juu ni wapi, gizani mle, ni nani? Yeye alimwaga tu vumbi jeusi, akanyunyiza maji, akaenda zake kupika.

Miezi ikaenda. Mchicha ukafika magotini, majani ya kunde na ya maboga yakatambaa hadi kwenye kamba ya nguo. Na mtoto naye akabadilika, polepole hata hukuweza kusema ni lini. Ulimi ukarudi rangi. Siku moja mama alisikia mtu anapanda ngazi mbiombio huku anaimba, akatoka kuona ni mtoto wa nani, akakuta ni wake. Alilazimika kushika mlango. Kitu alichokuwa akikimwagilia maji kibarazani sasa kinapanda ngazi kinaimba.

Jina la Chumvi lilitoka jikoni. Mama yake hakuwa na mkono wa chumvi, leo ataizidisha, kesho ataisahau, kwa hiyo tangu mtoto ajue kusema, yeye ndiye aliyekuwa hakimu. Anapewa kijiko, anafumba macho, anasema "bado" au anasema "tosha". Hapana sufuria iliyoipuliwa nyumbani mle kabla Chumvi hajasema. Tangu alipougua, kijiko kikawa kibakuli, maana mama aliona bora mtoto aonje akishiba. Watu wazima walikula baadaye, baba akirudi kutoka karakana.

Na kuvuna kwa mama kulikuwa na namna yake. Hakung'oa mche, wala hakuchuma jani moja moja. Alishika fungu zima la mchicha kwa mkono wa kushoto, kama unavyoshika nywele, akapitisha kisu chini, vidole viwili juu ya udongo. Kisiki kilichobaki kilichipua tena.

"Huyo umemnyoa kipara," wifi alikuwa akisema. "Mwache nywele ziote, nitamsuka."

Kutoka mkononi mboga ilikwenda ubaoni ikiwa bado fungu, na hapo ndipo mama alipokuwa na sifa zake. Alikata nyembamba kama uzi, kisu hukioni, unasikia tu mlio wake. Majirani walikuwa wakisimama mlangoni kutazama. Alizijua sifa hizo na zilimpendeza. Nani hapendi kusifiwa kwa mkono wake?

Sasa sikia, mama mwenzangu mwenye kisanduku dirishani, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia, na palikuwa hapana hata dalili.

Udongo wa visanduku ulichoka. Mfugaji mmoja akampa gunia la samadi, ya zamani, nyeusi, imelala nyuma ya zizi mpaka ikawa laini kama unga. Mama Chumvi aliichanganya kwa mikono yake. Mboga zikafurahi, na katikati ya mchicha, kwenye kisanduku cha mwisho, ukatoka mche asioupanda. Jani lake lilikuwa pana, ukingo wake una mikato mikato, kama limekatwa na mtu mwenye mkasi butu. Shina lilikuwa nene, lina afya kupita la wenzake.

"Na huyu nani?" aliuliza wifi.

"Sijui. Kimejileta chenyewe."

"King'oe, kinakunywa maji ya wenzake."

Mama Chumvi aliinama akakitazama. Mkono ulikuwa tayari shinani. Lakini yeye ndiye yule aliyeacha ndoo ifurike kwa ajili ya vijani viwili. Kitu kilichotoka chenyewe katika samadi, hakikupandwa, hakikuombwa, kikasimama kikapendeza namna ile, angekitoaje? Aliona ni zawadi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akakimwagilia.

"Haya," alisema wifi. "Ukianza kukitandikia kitanda niambie."

Siku chache baadaye akanyoa kisanduku cha mwisho. Alikuwa na haraka, nguo zilikuwa zimelowekwa. Alishika fungu, akapitisha kisu, akashika jingine. Jani pana liliingia mkononi pamoja na mengine, na harufu yake ilipopanda, nzito kidogo, kama ya karanga zilizovunda, alidhani ni samadi. Akaosha, akakata. Kwenye ubao palikuwa na kilima kimoja cha kijani, uzi juu ya uzi, na hapana mwenye macho ambaye angeweza kusema huu ni nani na huu ni nani. Akakaanga kitunguu na nyanya, akaweka mboga, akamwita hakimu.

Chumvi alifumba macho. "Bado."

Mama akaongeza chumvi.

"Tosha. Lakini ina uchungu kidogo kwa nyuma."

"Ni limau."

"Haya," alisema Chumvi, akala kibakuli chake chote na wali, akaenda kukaa karibu na shangazi yake kuchora.

Kwanza aliomba maji. Akaomba tena. Mama aliyekuwa akisuuza nguo akasema moyoni, ni jua. Kisha Chumvi akasema kalamu haionekani mwisho wake, na shangazi akasema, "Basi ishike mwanzo wake." Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha mtoto hakikukoma pale kilipopaswa kukoma.

"Mama," alisema, "shangazi ametundika nyuzi kila mahali."

Mama Chumvi aligeuka. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya kibaraza, ameinua mikono, anachukua kitu hewani kwa ncha za vidole, anakivuta, anakifunga na kingine. Polepole, kwa ustadi, kama anayesuka nywele za mtu asiyeonekana. Uso wake ulikuwa unang'aa. Mama alibaki na shati linalochuruzika maji mkononi. Na Mungu amsamehe, mwanzoni hakuogopa. Aliduwaa. Kulikuwa na uzuri katika mikono ile, na alisimama akiutazama kama unavyotazama moto.

"Za rangi," alisema Chumvi. "Hii inaimba."

Ndipo mama alipomshika shavu. Lilikuwa la moto, tena kavu, kama kigae kilichoanikwa. Akamwinua uso kwenye mwanga. Mboni za macho zilikuwa zimefunguka, nyeusi tupu, zimemeza rangi yote iliyokuwa pembeni. Alijiona ndani yake, mdogo, ameshika shati.

"Amelala vibaya," wifi alisema. "Au ni homa? Wifi, ni homa?"

Mama alikumbuka ule uchungu wa nyuma. Alikuwa ameona kitu kingine. Wifi yake, kwa njaa, hakuwa amemngoja kaka yake. Sahani ilikuwa mapajani mwake, na kijiko cha mboga kilikuwa njiani.

"Weka chini hicho kijiko."

"Nini?"

"Kiweke chini. Usimeze. Umemeza?"

"Sijameza. Ndiyo kwanza nimejipakulia."

Mama Chumvi alikwenda kwenye kisanduku cha mwisho akapiga magoti. Visiki vya mchicha vilisimama safu, vyembamba, vyekundu. Katikati yao palikuwa na kimoja kinene, cha kijani, bado kinatoa maji. Mgeni. Alikichimba kwa vidole, mizizi na vyote, na pembeni akapata jani moja pana lililodondoka wakati wa kunyoa. Alilifikicha kidogo, akanusa, na ile harufu ikamrudia. Akajua. Jina hakulijua, lakini alijua.

Wifi alimbeba Chumvi mgongoni, maana yeye ndiye mwenye nguvu, na mtoto akawa anasuka hewa juu ya kichwa cha shangazi yake njia nzima. Mama alifuata na sufuria kichwani, kisiki na jani ameviweka kwenye kitambaa. Kwa nini sufuria? Hakujua. Alihisi tu kwamba hawezi kuiacha nyumbani peke yake, baba mtu asije akarudi na njaa yake. Barabarani mtu mmoja akamtania, "Mama Chumvi, mboga inakwenda harusini?" Akampita kama mti.

Hospitali haikuwa mbali. Muuguzi alimlaza mtoto, akammulika macho, akashika mkono wake akihesabu mapigo kimyakimya, na uso wake ukabadilika.

"Amekula nini?"

Swali hilo Mama Chumvi alikuwa amelizoea. Kila alipokuja kupima damu waliliuliza, na kila mara alilijibu kwa kifua mbele. Sasa alilijibu akitazama sakafu.

"Mchicha."

"Wa sokoni?"

"Wa kwangu," alisema. "Wa nyumbani kwangu."

Akafungua kitambaa. Muuguzi alishika jani kwa ncha, akaligeuza mbele na nyuma, akanusa, akamwita daktari. Daktari hakukaa nalo sana. Akaagiza maji ya mshipa na dawa ya unga mweusi wa mkaa, wa kunyonya sumu, wakakimbizana. Halafu muuguzi akafunua sufuria, akachukua uma, akajaribu kutenganisha. Akainua uzi mmoja wa kijani, akainua mwingine, akauweka uma chini.

"Hapa hata mimi sioni kitu, dada yangu. Umekata vizuri mno."

Maneno hayo hayakuwa ya kulaumu. Lakini Mama Chumvi aliyasikia ndani ya mifupa.

"Ni mmea gani?"

"Una majina mengi, kila mtaa na lake. Unapenda majaa na mazizi. Ukiuacha ukue utatoa ua jeupe, refu kama tarumbeta, linalofunguka jua likizama, zuri kweli. Na tunda lake ni duara, lina miiba pande zote. Jani, mbegu, mzizi, vyote ni sumu."

"Nimeuchemsha. Umeiva."

"Huu hausikii moto."

"Atapona?"

Muuguzi alimtazama mtoto aliyekuwa akiokota nyuzi kwenye koti lake jeupe, moja moja, kwa upole. "Umemleta mapema, na umeleta jani. Tusingejua tungekuwa tunatafuta malaria hadi sasa. Ngoja. Kazi yako sasa ni kungoja na kumshika mikono asijitoe sindano."

Akangoja. Baba mtu alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, akashika mguu wa mtoto. Wifi alikaa chini, mgongo ukutani. Chumvi alizungumza na watu wasiokuwapo, akawakaribisha viti. Mara moja alimtazama mama yake usoni, karibu kabisa, kwa yale macho meusi, akamuuliza kwa adabu, "Shikamoo. Mama yangu umemwona?"

Hilo ndilo lililomvunja. Si kulia, alishalia. Alikaa akimshika mikono huku akitafakari jambo ambalo lilikuwa kubwa kuliko kichwa chake. Udongo ulikuwa ule ule. Maji yale yale, kutoka ndoo ile ile. Jua halikuwagawia tofauti. Na miche miwili imesimama bega kwa bega, huu umechukua udongo ule ukaufanya damu ya mtoto, na huu umechukua udongo ule ule ukaufanya kitu cha kumtoa mtoto ndani ya nafsi yake, akawa hamjui hata mama yake. Na wala haukuwa na chuki. Ulijiotea tu. Yeye ndiye aliyeupa maji, akauita mgeni. Alikuwa akistaajabia vitu vile miezi yote ile, kumbe hakuwahi kuvitazama. Alivitazama kama mtu anavyotazama nyota, anashangaa lakini haulizi ipi ni ipi.

Kulipopambazuka joto lilikuwa limeshuka. Chumvi alikuwa amelala, mikono imetulia. Alipoamka alikaa kimya, akatazama dari, akatazama kila mtu. Wakaleta supu ya hospitali. Mama akamnywesha kijiko, na mtoto akafumba macho.

Wote watatu waliinamia kitanda.

"Bado," alisema Chumvi.

Baba mtu akatoka nje haraka. Wifi akasema, "Hospitali nzima imepimwa, imefeli," kisha akaficha uso kwenye kanga yake.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimvuta mtoto kope ya chini, akatazama wekundu wake. Akaonya kwamba vitu vya karibu vitamchezacheza machoni siku kadhaa, asisome. Halafu akasema, "Lakini damu yake nzuri sana. Ulikuwa unamlisha nini?"

Mama Chumvi alimfunga mtoto kitufe cha juu.

"Mboga," alisema mwishowe.

"Basi usiache."

Walipofika nyumbani walikuta visanduku vimepinduliwa. Mume alikuwa ametangulia, na alikuwa amevimwaga vyote, akiwa na shoka la kuvipasulia kuni. Udongo ulikuwa kilima kibarazani.

"Acha," alisema mkewe.

"Vimetaka kuniulia mtoto."

"Si hivyo. Ni mimi sikutazama." Akamshika mkono wenye shoka. "Na hivi ndivyo vilivyompandisha ngazi. Daktari kasema tusiache. Nitamlisha nini, mbao zako?"

Alipepeta udongo ule wote kwa chekecheke ya mchanga, akatoa kila mzizi asioujua. Samadi iliyobaki gunini aliirundika mbali, akaifunika, ioze tena kwa joto lake. Akafungua kichupa. Akanyamaza. Safari hii alizitazama mbegu kiganjani moja moja, kisha akamwaga.

Na wakati vijani vinaota alikuwa amekaa juu yake kama kuku. Kila kijani kilichotokea alikiuliza ukoo wake. Asichokijua alikitoa kingali kidogo, kizuri au kibaya, hata kama kimejileta chenyewe. Nawe fanya hivyo. Usione huruma. Usisubiri uone kitatoa ua gani.

Siku ya kuvuna hakunyoa. Alichuma jani moja moja, akayatandaza mazima juu ya sinia kubwa kwenye mwanga, yeye na wifi yake wakakaa kila mmoja upande wake. Vidole vya msusi vilikwenda kasi, mbele, nyuma, shina, weka.

"Kichwa cha mteja sijawahi kukichambua hivi," alisema wifi. "Na vichwa vingine vina wadudu."

"Usiongee, tazama."

"Natazama, wifi. Natazama mpaka nayaona usingizini."

Kisu kilikuja mwisho kabisa. Mama hakukata uzi tena. Alikata vipande vikubwa, jani bado linajulikana kuwa jani. Akakaanga kitunguu na nyanya, mboga ikaingia, ikalia, ikalegea, kibaraza kizima kikajaa harufu yake. Chumvi akaja na kibakuli, akasimama mahali pake pa uhakimu.

"Kaa," alisema mama.

Alijipakulia yeye kwanza. Akala, amesimama, polepole, hadi mwisho wa bakuli. Kisha akafunika sufuria, akavuta kigoda akakaa mbele yake.

"Mama, inapoa."

"Ipoe."

"Tunangoja nini?"

"Tunaningoja mimi."

Wifi akavuta kigoda chake. "Na mimi nipakulie. Ukianza kusuka hewa, bora tusuke wawili, kazi iishe mapema."

"Wewe una mteja."

"Mteja atangoja."

Wakakaa wote wakimtazama Mama Chumvi kama sufuria iliyo motoni. Kivuli cha kamba ya nguo kilihama kutoka kisanduku hadi kisanduku. Chumvi alimwinua mama yake kope kwa kidole, kama alivyoona hospitalini, akachungulia, akasema naona jicho. Mdomo wa mama ulikuwa na mate. Kalamu ya Chumvi ilionekana mwanzo wake na mwisho wake. Visandukuni, kule walikochuma, majani machanga yalikuwa yanapokea mwanga, na mama aliyaona yote, na aliyajua kila moja.

Akafunua sufuria, akajaza kibakuli, akampa mtoto. Chumvi alitia kijiko mdomoni, akafumba macho. Akafumbua moja.

"Mama. Umekula bakuli zima?"

"Zima."

"Na hukuona?"

Mama akakishika kibakuli. "Sikuona nini?"

"Hukuweka chumvi kabisa."